Wiki ya mashabiki

Wiki ya mashabiki ni tovuti inayoandikwa na kuhaririwa kwa pamoja na watu wa kujitolea kuhusu jambo moja wanalolipenda, kama vile mchezo wa kompyuta, mfululizo wa filamu, hadithi za kubuni au usafiri. Inatofautiana na kamusi elezo ya jumla kama Wikipedia kwa kuwa haikusudii kueleza mambo yote ya dunia. Inaeleza jambo moja tu, lakini kwa undani ambao kamusi elezo ya jumla isingeukubali: bei ya kila upanga katika mchezo, au wasifu wa mhusika aliyeonekana katika filamu kwa dakika mbili na kutoweka.

Kuanzisha wiki ya namna hii ni kazi ya jioni moja. Kuitunza kwa miaka kumi au ishirini ni jambo lingine kabisa, na wiki nyingi hufa zikiwa na kurasa chache na mwanzilishi aliyechoka. Zile zilizodumu zimetegemea mambo mawili hasa: namna wenyeji wanavyowapokea wageni, na swali la nani anayeshika funguo za tovuti, yaani anwani yake, seva yake na nakala za maandishi yake.

## Jina

Kwa msomaji wa Kiswahili neno hili linaweza kupotosha. "Wiki" ya siku saba imetoka katika Kiingereza. "Wiki" ya tovuti imetoka katika lugha ya Hawaii, ambako maana yake ni "haraka". Mtaalamu wa kompyuta Mmarekani Ward Cunningham alilichukua neno hilo kutoka kwa mabasi ya uwanja wa ndege wa Honolulu, yaliyoitwa Wiki Wiki, akaipa jina WikiWikiWeb tovuti yake aliyoifungua tarehe 25 Machi 1995. Hiyo ndiyo wiki ya kwanza. Wazo lake lilikuwa kwamba msomaji yeyote aweze kurekebisha ukurasa papo hapo, bila kumwomba mwenye tovuti.

## Historia

Wikipedia ilianza tarehe 15 Januari 2001, na programu iliyotengenezwa kwa ajili yake, ambayo sasa inaitwa MediaWiki, ilitolewa bure kwa yeyote aliyetaka kuitumia. Hilo lilifungua mlango kwa mashabiki. Memory Alpha, inayohusu Star Trek, ilianza mwaka 2003. WoWWiki ilifunguliwa tarehe 24 Novemba 2004, siku moja baada ya mchezo wa World of Warcraft kuanza kuuzwa. Wookieepedia, inayohusu Star Wars, ilifuata mwaka 2005.

Kuendesha seva kulihitaji fedha na ujuzi. Mwaka 2004 Jimmy Wales na Angela Beesley walianzisha Wikicities, kampuni iliyowapa mashabiki nafasi ya bure na kujilipa kwa matangazo ya biashara. Ilibadilishwa jina kuwa Wikia mwaka 2006, na baadaye Fandom. Wiki nyingi za mashabiki, zikiwemo Memory Alpha na WoWWiki, zilihamia huko. Kwa wakati ule ulikuwa uamuzi wa busara: wahariri waliachiwa kuandika, na mtu mwingine akabeba mzigo wa mashine.

## Kazi ya kila siku

Msomaji huona makala. Haoni kazi iliyo nyuma yake, na kazi hiyo haina mwisho. Mchezo wa kompyuta hubadilishwa na watengenezaji wake mara kwa mara, pengine kila wiki, na kila badiliko huzifanya kurasa kadhaa kuwa na makosa siku hiyohiyo. Wiki ya mfululizo wa televisheni hujaa watu siku ambayo sehemu mpya inarushwa, kisha hukaa kimya miezi mingi. Kuna kurasa za kuunganisha kwa sababu watu wawili wameandika jambo lilelile kwa majina tofauti, picha zisizo na maelezo ya chanzo, na viungo vinavyoelekeza mahali pasipokuwepo tena.

Kazi kubwa kuliko zote ni kusoma ukurasa wa mabadiliko ya karibuni. Huko kila hariri huonekana, na mhariri mzoefu huipitia moja moja: hii ni nzuri, hii ina kosa dogo, hii ni matusi. Kwa kuwa wiki huhifadhi historia ya kila ukurasa, matusi yanaweza kuondolewa kwa kubofya mara moja. Wakabidhi, yaani wahariri waliokabidhiwa na wenzao mamlaka ya kufuta kurasa, kuzilinda na kuwazuia watumiaji wasumbufu, hufanya sehemu kubwa ya kazi hii bila malipo na mara nyingi bila shukrani.

Watu wanaoibeba ni wachache. Mtafiti Jakob Nielsen aliandika mwaka 2006 kwamba katika jumuiya nyingi za mtandaoni takriban asilimia 90 husoma tu, asilimia 9 huchangia mara mojamoja, na asilimia 1 hufanya karibu kazi yote. Ni kanuni ya makadirio tu, na idadi halisi hutofautiana kati ya wiki na wiki, lakini mkabidhi yeyote ataitambua hali hiyo. Matokeo yake ni kwamba wiki yenye maelfu ya wasomaji inaweza kuwa inasimama juu ya mabega ya watu watano. Wawili wakipata watoto na mmoja akabadilisha kazi, imebaki na wawili.

## Wageni na wenyeji

Kwa kuwa wenyeji huondoka, uhai wa wiki hutegemea wageni wanaochukua nafasi zao. Hapa ndipo wiki nyingi hujidhuru zenyewe bila kukusudia.

Mwaka 2018 watafiti Nathan TeBlunthuis, Aaron Shaw na Benjamin Mako Hill walichapisha uchunguzi wa wiki 740 zilizokuwa Wikia. Walitaka kujua kama hali iliyokwisha kuonekana katika Wikipedia ya Kiingereza, ambayo idadi ya wahariri wake hai ilifika kilele mwaka 2007 kisha ikashuka, ilikuwa ya Wikipedia peke yake. Haikuwa hivyo. Katika wiki hizo pia idadi ya wahariri ilipanda, kisha ikaanza kushuka. Kadiri wiki ilivyozeeka, hariri za wageni zilizidi kutenguliwa, na mgeni ambaye kazi yake ya kwanza ilitenguliwa hakuwa na uwezekano mkubwa wa kurudi.

Sababu si ubaya wa moyo. Wiki changa haina kitu, hivyo kila anayeleta sentensi mbili anashangiliwa. Wiki kongwe ina kanuni za majina, violezo vya majedwali, utaratibu wa kutaja chanzo, na wenyeji waliochoshwa na waharibifu. Mgeni anayeandika kwa nia njema lakini bila kiolezo sahihi huonekana, kwa jicho lililochoka, kama mharibifu mwingine. Hariri yake inatenguliwa bila neno. Mwenyeji amechukua sekunde tatu, naye mgeni amejifunza kwamba pale si mahali pake.

Dawa inayotumiwa mara nyingi dhidi ya uharibifu ni kudai kila mhariri ajiandikishe kwanza. Inaonekana ni jambo dogo. Hata hivyo Hill na Shaw walipolinganisha wiki 136 za Wikia zilizoweka sharti hilo, waliona kwamba uharibifu ulipungua kweli, lakini michango mizuri ilipungua pia, na sehemu kubwa ya michango iliyozuiwa ilikuwa ile mizuri. Watu wengi huanza kwa kurekebisha herufi moja iliyokosewa. Anayekuta fomu ya kujaza mbele ya herufi hiyo huendelea na safari yake.

Kwa hiyo wiki zilizodumu zimejifunza kutengeneza badala ya kutengua: mwenyeji huiweka hariri ya mgeni katika umbo linalotakiwa, kisha huandika mistari miwili kwenye ukurasa wake wa majadiliano kueleza alichobadilisha. Nyingine huweka orodha ya kazi ndogo zinazomfaa anayeanza, kwa mfano kurasa za mbegu zinazohitaji picha au tarehe moja tu. Ni polepole kuliko kubofya kitufe cha kutengua, na haiwezekani siku ambayo ukurasa wa mabadiliko una hariri mia tatu. Hakuna wiki iliyoutatua ugumu huu kabisa.

## Funguo za tovuti

Jambo la pili ni la umiliki. Maandishi ya wiki nyingi hutolewa chini ya leseni huria, mara nyingi moja ya zile za Creative Commons. Kwa leseni hizo mwandishi hubaki na haki ya kutajwa, lakini yeyote anaruhusiwa kunakili maandishi na kuyaendeleza, mradi awataje waandishi na, katika leseni nyingi, atoe kazi yake kwa masharti yaleyale. Baadhi ya wiki za michezo huongeza sharti la kutotumia maandishi kibiashara.

Maana yake ni kwamba maandishi yanaweza kuhamishwa na wahariri. Anwani ya tovuti, seva na orodha ya watumiaji haviwezi, kwani ni mali ya yule anayevilipia. Katika wiki ndogo huyo anaweza kuwa mtu mmoja aliyelipa ada ya kikoa kwa kadi yake mwaka wa kwanza. Siku asipoilipa, wiki hutoweka, hata kama wahariri wote wako macho. Katika wiki kubwa mlipaji ni kampuni, na kampuni huuzwa.

## Kuhama

Wahariri wasiokubaliana na mwenye seva wana silaha moja: kuondoka na nakala ya maandishi. Mfano wa awali ni wa Wikipedia yenyewe. Mwaka 2002 wahariri wengi wa Wikipedia ya Kihispania, wakihofia kuletwa kwa matangazo ya biashara, walihama na kuanzisha Enciclopedia Libre kwenye seva ya Chuo Kikuu cha Sevilla. Matangazo hayakuletwa Wikipedia hadi leo.

Wapenda safari walipitia jambo refu zaidi. Wikitravel, mwongozo wa wasafiri ulioanza mwaka 2003, iliuzwa mwaka 2006 kwa kampuni ya Marekani iitwayo Internet Brands. Wahariri wa Kijerumani waliondoka mwaka huohuo na kufungua Wikivoyage. Wale wa Kiingereza walivumilia hadi 2012, walipoamua kuhamia chini ya Wakfu wa Wikimedia. Kampuni iliwashtaki wawili miongoni mwa watu hao wa kujitolea. Wikivoyage ilizinduliwa rasmi na Wikimedia tarehe 15 Januari 2013, na mwezi Februari kesi ilimalizika kwa makubaliano. Wikitravel haikufungwa, wiki zote mbili ziliendelea kuwepo, zikiwa na kurasa nyingi zenye mzizi mmoja.

Kisa cha WoWWiki kinaonyesha kwamba kuhama mara moja kunaweza kusitoshe. Mwaka 2010 Wikia ilileta sura mpya ya kurasa ambayo wahariri waliona inabana majedwali yao na kutanguliza matangazo. Sehemu kubwa ya wahariri walihama mwezi Oktoba na kuanzisha Wowpedia kwenye seva za kampuni ya Curse, iliyoendesha wiki za michezo kwa jina la Gamepedia. Miaka minane baadaye, Desemba 2018, Fandom ilinunua Gamepedia. Wowpedia ikajikuta imerudi mikononi mwa kampuni ileile iliyokimbiwa. Oktoba 2023 wahariri walihama tena, safari hii kwenda wiki.gg, wakaiita Warcraft Wiki. Mhariri aliyeanza mwaka 2004 na hajaacha ameandika kuhusu mchezo mmoja chini ya majina matatu ya wiki.

Waliofanikiwa zaidi ni wahariri wa RuneScape, mchezo wa mtandaoni wa kampuni ya Jagex ya Cambridge, Uingereza. Wiki yao ilikaa Wikia tangu 2005. Mwezi Oktoba 2018 walihama kwenda kwenye anwani yao wenyewe, wakiwa wamefanya mambo mawili ambayo waliotangulia hawakuyafanya. Kwanza, waliunda kampuni yao ndogo, Weird Gloop, ili funguo zishikwe na wahariri. Pili, walikubaliana na Jagex isaidie gharama za seva, hivyo hawakuhitaji kujaza kurasa matangazo. Katika toleo la Old School RuneScape, mchezaji huweza kubofya kitufe ndani ya mchezo na kupelekwa kwenye ukurasa wa wiki unaohusika. Wiki ya Minecraft ilifuata njia hiyo Septemba 2023, na ile ya League of Legends mwaka 2024.

Njia hiyo ina masharti yake. Inahitaji mchezo ulio hai na kampuni yenye fedha na nia njema. Wiki ya mchezo uliokwisha kusahauliwa haina wa kumwendea.

## Wiki iliyoachwa nyuma

Tatizo kubwa baada ya kuhama ni kwamba nyumba ya zamani haibomolewi. Fandom kwa kawaida haifungi wiki ambayo wahariri wake wameondoka. Huiacha wazi kwa yeyote anayetaka kuendelea nayo. Kampuni ina hoja yake: leseni inaruhusu nakala zote mbili, na huenda wapo waliopenda kubaki.

Lakini injini za utafutaji hupima tovuti kwa sehemu kwa viungo vinavyoielekea, na nakala ya zamani ina viungo vya miaka mingi. Basi msomaji anayetafuta jambo hupelekwa kwanza kwenye wiki iliyoachwa, husoma taarifa zilizopitwa na wakati, na hajui kwamba kuna nyingine. Akiona kosa na kulirekebisha, amelirekebisha mahali ambapo wenzake hawapo. Wiki mpya hukosa wasomaji, na pamoja nao hukosa wageni ambao wangekuwa wahariri. Ndiyo maana wahariri wanaohama hutumia miezi ya kwanza kuomba wenye tovuti nyingine wabadilishe viungo vyao. Watu wa kujitolea wametengeneza hata programu ndogo ya kivinjari, Indie Wiki Buddy, inayomhamisha msomaji kutoka wiki ya kampuni hadi ile ya wahariri inapokuwepo.

## Taka na roboti

Wiki iliyo wazi kwa kila mtu iko wazi pia kwa mashine. Programu za kusambaza matangazo ya taka hufungua akaunti zenyewe na kuunda kurasa za kuuza dawa na kamari. Wiki ndogo iliyokaa mwezi mmoja bila mtu wa kuipitia inaweza kukutwa na kurasa za taka nyingi kuliko makala zake. Kinga moja rahisi imewasaidia mashabiki hasa: badala ya kumtaka mgeni asome herufi zilizopinda, wiki humuuliza swali ambalo mpenzi wa jambo lile hulijibu papo hapo na mashine hushindwa, kwa mfano jina la farasi wa mhusika mkuu.

Tangu kuenea kwa akili mnemba kumekuja mzigo mwingine. Roboti zinazokusanya maandishi na picha kwa ajili ya kufunzia programu hizo hupita kila ukurasa, pamoja na historia zake zote, na huigharimu seva kuliko msomaji wa kawaida. Wakfu wa Wikimedia ulieleza mwaka 2025 kwamba matumizi ya mkondo wake wa data kwa kupakua picha na video yalikuwa yamepanda kwa asilimia 50 tangu Januari 2024, hasa kwa sababu ya roboti hizo. Wikimedia ina wahandisi wa kulipwa. Wiki ya mashabiki yenye seva moja ya kukodi huzimika, na anayeiwasha ni mtu aliyerudi kutoka kazini jioni.

## Nakala za akiba

Programu ya MediaWiki inaweza kutoa maandishi yote ya wiki pamoja na historia yake katika faili moja. Historia ni muhimu kama maandishi yenyewe, kwa sababu leseni inadai waandishi watajwe na majina yao yamo humo. Picha huhifadhiwa kando, na ndizo husahaulika mara nyingi.

Umuhimu wa nakala huonekana mwenye seva anapoacha kazi. Wikispaces, iliyotumiwa sana na walimu na wanafunzi wao tangu 2005, ilitangaza mwanzoni mwa mwaka 2018 kwamba inafungwa, na wiki za madarasa zikatoweka katika miezi iliyofuata, isipokuwa zile ambazo mtu alikumbuka kuzipakua. Miraheze, inayotoa nafasi ya bure bila matangazo na kuendeshwa na watu wa kujitolea tangu 2015, ilitangaza Juni 2023 kwamba itafungwa. Watu wengine wa kujitolea walijitokeza kuichukua, nayo ikaendelea. Tangu 2011 kikundi kiitwacho WikiTeam hupakua wiki kutoka kila mahali, kubwa na ndogo, zilizo hai na zinazoelekea kufa, na kuziweka katika maktaba ya Internet Archive, ambako yeyote anaweza kuzichukua na kuzifungua upya kwenye seva nyingine.